Mchumba, Mpenzi, Mchepuko: Majina ya Mapenzi Katika Milima ya Usambara

Kila lugha ina majina ya watu waliofunga ndoa, na majina hayo kwa kawaida ni machache na hayabadiliki upesi, lakini wale wanaopendana kabla ya ndoa, nje ya ndoa au bila nia yoyote ya kuoana hupewa majina mengi mno, ambayo hutamba kwa miaka michache vijiweni na katika nyimbo, kisha huchakaa na kuwapisha mengine. Kiswahili kinachozungumzwa Bumbuli, katika halmashauri iliyomegwa kutoka Lushoto, kina akiba kubwa ya majina ya namna hiyo, mengine yakiwa ya kale yaliyopanda mlimani kutoka pwani, mengine yakiwa ya Kiingereza yaliyovishwa matamshi ya Kibantu, na mengine yakiwa yametungwa na vijana au kuenezwa na vipindi vya redio. Mazungumzo haya yanayachunguza majina hayo kwa hoja moja, nayo ni kwamba kinachotenga jina moja na jingine ni watu wanaoujua uhusiano unaotajwa, kuliko ukubwa wa pendo lenyewe au urefu wa muda wake. Mtu anapochagua kumwita mwenzake mchumba, mpenzi, demu au mchepuko, huwa ametangaza, pengine bila kukusudia, kama wazazi wanajua, kama marafiki peke yao ndio wanaojua, au kama haipasi mtu yeyote ajue.

Neno linalofaa kutangulia ni mchumba, kwa sababu ndilo lililokuwa na mipaka iliyo wazi kuliko yote. Kwa desturi ya Kiswahili, mchumba ni mtu aliyeposwa au aliyeposa, na posa ni jambo la watu wengi: huwapo mshenga, yaani mtu anayetumwa kupeleka maneno baina ya familia mbili, huwapo barua ya posa, huwapo kishika uchumba, yaani fedha au kitu kinachotolewa kuonyesha kwamba maombi yamekubaliwa, na nyuma ya hayo yote huwapo mahari. Katika Usambara ya zamani mahari ilikuwa mifugo, na mifugo haipelekwi kwa siri katika nchi ya milima ambako anayepita kwenye njia ya bonde la upande mmoja huonekana na walio upande wa pili. Hata ufalme wenyewe wa Wasambaa husimuliwa kuwa ulijengwa kwa ndoa za namna hiyo. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa upya Nairobi mwaka 1962, anaeleza jinsi mwindaji Mbegha alivyotoka Nguu, akapokewa na wenyeji wa milima, akaoa kwao, na jinsi mwanawe Buge alivyotawala baada yake, huku makao ya ufalme yakiwa Vuga, si mbali na Bumbuli. Mgeni huyo hakupata nchi kwa upanga peke yake, kwani kila mke aliyeoa alikuwa pia kiungo na ukoo wa mke huyo, na kiungo hicho kilikuwa na nguvu kwa sababu ukoo mzima uliweza kukitaja.

Siku hizi neno mchumba limelegea, kiasi kwamba kijana aliyekutana na msichana wiki mbili zilizopita kwenye gulio la Soni anaweza kumwita mchumba mbele ya marafiki zake bila mzazi yeyote kuwa na habari. Kulegea huko hakupaswi kuchukuliwa kuwa ni uharibifu wa lugha tu. Kijana anayelitumia neno hilo hulikopa heshima yake, kwa kuwa Kiswahili sanifu hakimpi neno jingine lenye heshima la kumtaja mtu anayempenda kwa dhati lakini ambaye habari zake hazijafika nyumbani. Neno mpenzi lingeweza kufanya kazi hiyo, na kwa kiasi linaifanya, ila lina uzito wa faragha unaowafanya watu wengi wa milimani waone haya kulitamka mbele ya baba au shangazi, na barua ya serikali au ya kanisa hailitumii kabisa. Maneno rafiki wa kike na rafiki wa kiume, ambayo magazeti huyatumia, yametafsiriwa kipande kwa kipande kutoka Kiingereza, nayo hayajaota mizizi, kwa sababu urafiki katika Kiswahili ni jambo la wazi linaloruhusu mtu kuja nyumbani, kula na kulala, ilhali huyo anayeitwa rafiki wa kiume ndiye mtu ambaye hawezi kabisa kufika nyumbani.

Pengo hilo wazungumzaji wameliziba kwa njia ya werevu mkubwa, nayo ni kuazima majina ya ukoo. Msichana anayependwa na kijana fulani huitwa shemeji na marafiki wa kijana huyo, au kwa ufupi shem, hata kama mapenzi yenyewe hayana umri, na dada za kijana wakipata habari huanza kumwita wifi. Jina shemeji kwa asili ni la mtu aliyeunganishwa nawe kwa ndoa ya ndugu yako, kwa hiyo marafiki wanaolitumia hujitia katika nafasi ya ndugu, na wakati huohuo hujifunga wenyewe, kwa maana anayemwita msichana shemeji amekiri mbele ya wenzake kwamba yeye hatamtongoza. Hapa duara la wanaojua limepanuka kutoka watu wawili hadi kundi la rika, na lugha imetoa alama ya upanuzi huo kabla wazee hawajafikiwa na neno lolote. Ni vigumu kupata katika Kiingereza jina moja linalofanya kazi hizo zote, na wanaodhani kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya mapenzi wangefaa kulitazama neno hilo kwa makini zaidi.

Upande wa pili wako hawara na kimada. Haya ni majina ambayo mhusika hajiiti wala haitwi na mwenzake; huyatumia watu wa pembeni, hasa wanapolaumu, na ndiyo sababu mtu husema hawara wa fulani lakini ni nadra kusema hawara yangu. Hawara ni mpenzi wa nje ya ndoa, mwanamume au mwanamke, na kimada ni mwanamke anayetunzwa na mwanamume bila kuolewa. Majina hayo yasichanganywe na suria, ambalo lilikuwa jina la hadhi ya kisheria katika jamii za Kiislamu za pwani, likimtaja mwanamke mtumwa anayeishi na bwana wake kinyumba, na mtoto aliyezaliwa na suria kwa bwana huyo alihesabiwa kuwa huru na mrithi. Sheria ya Unguja ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa iliwaacha masuria kando, wakasubiri hadi mwaka 1909, na katika Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922. Tofauti hiyo ni muhimu kwa hoja inayojengwa hapa, kwa kuwa suria alijulikana na mji mzima bila kupewa uchaguzi, wakati hawara anaweza kuwa amejichagulia mwenyewe lakini hana mtu wa kumtaja kwa wema. Kujulikana, basi, hakukuwa sawasawa na kuheshimiwa, na mtu anayesifu mila za zamani kwa jumla hana budi kukumbuka hilo.

Katika nyanda zilizo chini ya milima ya Usambara, maneno ya mapenzi yalichukua mkondo mwingine kwa sababu ya mkonge. Zao hilo liliingizwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893, reli ya kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905, na mashamba makubwa yakahitaji wafanyakazi wa mkataba walioletwa kutoka mbali, ambao waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wengi walikuja bila wake, wakaishi kambini kwa miezi mingi, na uhusiano uliozaliwa kambini haukuwa na mshenga wala mjomba wa kushauriwa, kwa kuwa wajomba walikuwa mwendo wa siku kadhaa kutoka hapo. Kuishi kinyumba, yaani mwanamume na mwanamke kukaa pamoja kama mke na mume bila ndoa kufungwa, ni msemo unaoieleza vizuri hali hiyo. Ni msemo wa haki kuliko hawara, kwani unataja nyumba na maisha yaliyomo, na haumtupii lawama mwanamke peke yake.

Mjini Tanga kwenyewe, ambako vijana wa Bumbuli wamekuwa wakishuka kutafuta kazi kwa vizazi kadhaa, taarabu ililea namna tofauti ya kumtaja mpenzi. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, na baada yake vikundi vya Tanga kama Black Star na Lucky Star, ambavyo sauti ya Shakila Saidi ilivuma navyo, viliwazoesha wasikilizaji kusikia majina yenye asili ya Kiarabu kama muhibu, mahabubu na laazizi, au kumsikia mpenzi akifichwa ndani ya ua, ndege na tunda. Mtindo huo huitwa fumbo, yaani usemi unaoeleweka na aliyelengwa na kuwapita wengine, na manufaa yake ni kwamba pendo linaweza kuimbwa mbele ya ukumbi uliojaa watu huku mwenye kulengwa akijulikana na watu wawili tu. Maandishi ya kanga hufanya kazi iyo hiyo, kwani mwanamke anayepita barabarani na kanga yenye maneno makali anasema na mtu mmoja mbele ya macho ya kijiji kizima. Sanaa hiyo imefikia kiwango cha juu sana katika Kiswahili, na inasikitisha kwamba vitabu vya shule huifundisha kama orodha ya tamathali, bila kueleza kwamba ilikuwa pia njia ya kuishi katika jamii iliyokuwa na macho mengi.

Majina ya Kiingereza yaliingia katika mazingira hayo, na wepesi wa kukubalika kwake unatokana na kwamba hayakuwa na historia ya lawama wala ya posa. Demu, linalomtaja msichana au mpenzi wa kike, linaaminika kutokana na neno ambalo katika Uingereza ya zamani lilimtaja bibi mwenye cheo, na ambalo katika Marekani ya karne ya 20 lilishuka hadi kumtaja mwanamke yeyote kwa lugha ya mtaani; lilipofika Afrika Mashariki lilikuwa tayari limeshavua heshima yake. Boifrendi na gelifrendi yalipitia shuleni, bebi na hani yakapitia filamu na nyimbo, na kutoka na mtu, kwa maana ya kuwa na uhusiano naye, ni msemo wa maneno ya Kiswahili uliosukwa juu ya mfano wa Kiingereza. Kamusi ya lugha ya mitaani iliyochapishwa mwaka 2006 na wataalamu Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, ikiwa na maneno na misemo ipatayo 1,100 ya Tanzania, ni ushahidi kwamba mapenzi ni miongoni mwa mambo ambayo vijana huyatungia maneno kwa wingi.

Msemo wa kutoka na mtu unastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu una historia inayoweza kuwasaidia Wasambaa kuona kinachotokea kwao. Neno la Kiingereza linalomaanisha tarehe lilianza kutumika kwa maana ya miadi ya wapenzi katika lugha ya vijana wa tabaka la wafanyakazi wa mji wa Chicago, na mwandishi wa gazeti George Ade alilitumia hivyo mwaka 1896. Kabla ya hapo, katika familia za Marekani zenye nafasi, kijana alimtembelea msichana nyumbani kwao, akaketi sebuleni, na mama alikuwa chumba cha pili. Mwanahistoria Beth Bailey, katika kitabu chake cha mwaka 1988, ameonyesha kwamba miadi ilipohama kutoka sebuleni kwenda mitaani, mamlaka nayo yalihama, maana sebuleni mwenye kukaribisha alikuwa msichana na jamaa zake, na mtaani mwenye kulipia chakula, nauli na tiketi alikuwa mwanamume. Mapenzi yaliyokuwa chini ya macho ya mama yakawa chini ya mfuko wa kijana, na lugha ikaanza kuzungumzia gharama.

Jambo la aina hiyo linasikika katika Kiswahili cha sasa, na hapa ndipo majina yanapokuwa mengi na makali. Mwanamume mwenye fedha anayempenda msichana kwa kumhonga huitwa buzi, yaani mbuzi mkubwa, na kumtumia fedha zake huitwa kumchuna. Kudanga, ambalo katika Kiswahili cha zamani ni kuchota maji kidogo kidogo mahali yalipo haba, sasa ni kuishi kwa kuchota fedha za wapenzi, na mpenzi wa namna hiyo huitwa danga. Pedeshee, jina la mtu mwenye fedha anayezimwaga hadharani, limetoka Kongo, ambako herufi tatu za Kifaransa za cheo cha mkurugenzi mkuu wa kampuni zilisomwa kama neno moja. Mwanamke mtu mzima mwenye fedha ana jina la shugamami kama mwanamume alivyo na la shugadedi, na kijana anayetunzwa naye ameitwa Serengeti boi, kwa jina la timu ya taifa ya soka ya vijana chini ya miaka 17, na baadaye kibenteni, kwa jina la shujaa mtoto wa katuni ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa katikati ya miaka ya 2000.

Katika orodha hiyo buzi ndilo linaloumiza zaidi mtu anayelisikia akiwa Usambara. Mnyama yuleyule aliyekuwa sehemu ya mahari, ambaye aliswagwa mchana kweupe hadi kwa baba wa msichana na kuhesabiwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, amekuwa jina la mtu anayeliwa kwa siri. Mbuzi wa mahari alikuwa ushahidi, kwa kuwa ndoa ilipovunjika wazee waliweza kusema walipokea wangapi na wangapi walirudishwa. Fedha za buzi hazina shahidi, na msichana aliyezipokea akipata mimba, akafukuzwa au akaugua, hawezi kusimama mbele ya mtu yeyote na kuzitaja. Majina hayo yanamsawiri msichana kuwa mchunaji, mwerevu na mshindi, na vijana huyasema kwa kicheko. Lakini ukweli wa vijijini ni kwamba mara nyingi aliyechunwa ni yeye, na lugha imemnyima jina la kueleza hivyo.

Redio iliyaona hayo mapema kuliko taasisi nyingi. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo wa kuigiza wa mfululizo, Twende na Wakati, ambao ulihusu uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI, na mhusika wake aliyejulikana sana alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi kwenye vituo vya safari zake, ambaye mkewe Tunu hatimaye alijitegemea, na yeye mwenyewe akapatwa na ugonjwa. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa kutoka kituo cha Dodoma, ili watafiti waweze kulinganisha wasikilizaji wa huko na wale wa sehemu nyingine za nchi. Wazo la kumpa tabia hiyo sura, kazi na jina la mtu lilikuwa la busara, kwa sababu hata kijiji ambacho hakikuwa tayari kumtaja jirani kiliweza kumtaja Mkwaju.

Zaidi ya miaka kumi baadaye ikaja kampeni ya Fataki, iliyoendeshwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, na hiyo ilifika mbali zaidi kwa upande wa lugha. Fataki ni kitu kinacholipuka kwa kishindo, lakini katika matangazo hayo mafupi lilikuwa jina la mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo, hasa wanafunzi, kwa lifti, chipsi na simu. Katika kila tangazo mipango yake iliharibiwa na mtu wa kawaida aliyekuwa karibu, na ujumbe ulikuwa kwamba jambo hilo linamhusu kila anayeliona. Neno lilitoka redioni likaingia vijiweni, kwenye daladala na katika magazeti, na kwa mara ya kwanza Kiswahili kikapata jina la uhusiano wa namna hiyo linalomlaumu mwanamume na kumwacha msichana bila doa. Shugadedi lilikuwa na utamu ndani yake, na buzi lilimfanya mwanamume aonekane mjinga wa kuhurumiwa. Fataki lilimwita kwa hatari yake. Kazi hiyo ya neno moja ilitangulia sheria, kwani ni mwaka 2016 ambapo marekebisho ya Sheria ya Elimu yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na ni Novemba 2021 ambapo serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua wangeruhusiwa kurudi katika shule za kawaida.

Mchepuko, jina lililotamba katika miaka ya 2010 pamoja na kauli ya kampeni ya kuwahimiza watu wabaki njia kuu, halikupata bahati hiyo. Mchepuko ni njia ya pembeni inayotumiwa barabara kuu inapofungwa, na jina hilo humtaja mpenzi wa pembeni wa mtu aliye ndani ya ndoa. Wakenya wana mpango wa kando, Wakongo wanaozungumza Kifaransa wana ofisi ya pili, na nyumba ndogo imesikika Tanzania na Zimbabwe pia. Kwa kuwa majina hayo yote yanataja mahali au mpango, mtu mwenyewe ametoweka ndani yake. Kampeni ilinuia kuonya, lakini neno likageuka kuwa la mzaha, na leo mtu hulisema bila haya, kwa sababu anayelaumiwa na neno hilo hayumo. Imo barabara tu. Hili ni funzo ambalo watunzi wa matangazo ya afya wangefaa kulizingatia kabla ya kuchagua tamathali yao inayofuata.

Bumbuli ya sasa ina waendesha bodaboda wanaojua nani amebebwa kwenda wapi saa ngapi, ina hospitali ya Kilutheri ambako watu hukutana kwenye benchi moja, na ina misikiti na makanisa ambamo habari husafiri baada ya ibada. Katika mazingira kama hayo simu ya mkononi ilionekana kuwa mkombozi wa siri, na watu wakaanza kuwaandika wapenzi wao kwa majina ya mafundi, wateja na wafanyakazi wenzao. Simu hiyohiyo, hata hivyo, imekuwa ushahidi unaosomwa na mke, mume au mzazi usiku mwenye simu akiwa amelala, kwa hiyo siri iliyokuwa ikilindwa na ustadi wa fumbo sasa hulindwa na namba ya siri yenye tarakimu nne. Waliopita katika vyuo vya Lushoto, ama Chuo cha Uongozi wa Mahakama ama kile cha Magamba kilichobeba jina la Askofu Sebastian Kolowa, walipanda na maneno yao kutoka mikoa yote, na kwa njia hiyo neno lililozaliwa Dar es Salaam halikuhitaji miaka mingi kufika Mgwashi au Mponde. Mwendo wa maneno haukuwa wa upande mmoja, maana kundi la muziki la Wagosi wa Kaya kutoka Tanga liliwafundisha vijana wa nchi nzima kutamka wagosi, yaani wanaume kwa lugha ya nyumbani, na jina la heshima la mzee wa Kisambaa likasikika katika muziki wa vijana.

Kiingereza nacho hakijapata utulivu katika jambo hili. Mwaka 2023 watunzi wa kamusi za Oxford waliorodhesha miongoni mwa maneno yaliyoshindania heshima ya neno la mwaka jina lililoundwa kwa kuunganisha hali na uhusiano, likitaja mapenzi ambayo wahusika hawajakubaliana ni ya namna gani. Vijana wa London na New York waliolihitaji neno hilo walikuwa wanakabiliwa na tatizo ambalo kijana wa Bumbuli analijua, ingawa kwao kinachokosekana ni makubaliano ya watu wawili, na Bumbuli kinachokosekana zaidi ni watu wengine wa kuyashuhudia.

Ushahidi huo ndio unaotakiwa mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inaeleza kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watambulike kuwa mke na mume, itadhaniwa kwamba wamefunga ndoa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na hata dhana hiyo ikikanushwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Kutambulika huko ni jambo la majirani. Ndoa ya mkeka, ambayo hufungwa papo hapo wazazi wa msichana wanapomfumania na kijana, hukata shauri hilo kwa saa moja, ingawa kwa njia ambayo mara nyingi haiwapi wahusika nafasi ya kufikiri. Lakini walioishi kinyumba kwa miaka kumi, wakalima mboga pamoja, wakajenga nyumba ya matofali na kusomesha watoto, hufika mbele ya baraza la usuluhishi wakitegemea kumbukumbu za watu kuhusu walivyowaita. Jirani akisema kwamba siku zote walimwita mama huyo mke wa fulani, au mama wa mtoto fulani, amemsaidia kupata sehemu ya nyumba. Akisema kwamba walimwita hawara, hata kama alisema hivyo kwa chuki ya siku moja kisimani, amemwondolea nguzo.

Kwa wale waliozaa pamoja wakaachana bila kuoana, Kiswahili kimepata jina mzazi mwenzangu, ambalo limeenea sana katika miaka ya karibuni na ambalo linastahili kupendwa kuliko majina yote yaliyotajwa hapa. Halidai ndoa ambayo haikuwapo wala halimwiti mtu hawara, na mtoto aliyekuwa akiitwa wa nje anajikuta ana wazazi wawili wanaotajwa kwa jina moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto huyo haki ya kutunzwa na wote wawili, na inaruhusu mahakama kuthibitisha baba kwa ushahidi, vipimo vya vinasaba vikiwamo. Mwanamume wa Bumbuli anayesimama mbele ya ofisi ya ustawi wa jamii na kusema kwamba amekuja na mzazi mwenzake ameshakiri ubaba kwa maneno hayo mawili, na ofisa anayeandika anaweza kuendelea na swali linalofuata, ambalo ni ada ya shule.